Tanga la Daimu

Kila asubuhi Mwanne alisaga viganja viwili vya ulezi kwenye jiwe la mama mkwe wake. Viwili tu. Cha tatu kilikuwa cha kesho, na mwaka huo kesho haikuwa kitu cha kuchezea. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala kuanzia Songea hadi huku Maposeni, na watu waliishi kwa mizizi ya porini na kile walichowahi kukifukia ardhini. Unga ule aliuchanganya na ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa, akasonga, akagawa. Sehemu ndogo aliiweka kwenye bakuli la mumewe, akaifunika. Jioni, Daimu asipotokea, alimpa mama mkwe, naye aliila bila kuuliza.

Asubuhi hiyo alikuwa hajamaliza hata kiganja cha kwanza mkono wa mama mkwe ulipotua juu ya mkono wake.

"Acha," mama alisema. "Usisage. Loweka."

"Niloweke hivi viganja viwili, mama?"

Mama Daimu alivuta chungu kilichokuwa nyuma yake. Ni kile walichokuwa wamekizika nyuma ya nyumba kabla askari hawajafika. Udongo ulikuwa bado umeganda shingoni mwake.

"Chote."

"Mama, hiyo ni mbegu."

"Mbegu ziko kwa shemeji yako Sefu. Utapanda naye."

Mwanne aliinua mikono kutoka kwenye jiwe. Ulezi wa kusaga ni chakula. Ulezi wa kuloweka ni kimea, na kimea ni pombe, na katika nyumba hii pombe ilikuwa na maana moja. Tanga la Daimu lilikuwa linaanuliwa, msiba wake ufungwe.

"Siku tisa," mama alisema, macho yake yakiwa kwenye kuta. "Baba yenu mdogo Kassimu ndiye aliyepanga. Mvua isikukute huna mtu."

Mwanne alikwenda kuteka maji. Aliloweka ulezi. Alifanya kama alivyoambiwa, maana ndivyo alivyokuwa siku zote: mtu wa kufanya haraka na kusema polepole.

Desturi aliijua. Siku ya kuanua tanga, mjane hujaza kibuyu cha pombe ya kwanza na kutembea nacho mbele ya ndugu wote. Akimpa kibuyu ndugu wa marehemu, amekubali kurithiwa. Akimpa mama wa marehemu, ameomba ruhusa ya kurudi kwao, na huondoka siku hiyo hiyo. Njia zilikuwa mbili. Ya mwanamke ambaye hataki kurithiwa wala hataki kwenda, ambaye anataka tu kukaa pale alipoachwa, haikuwepo.

Ulikuwa umepita mwaka na zaidi tangu Daimu aondoke. Mganga wa maji alipofika Ungoni, wanaume walikwenda kunyunyiziwa na kunywa, wakarudi wakisema risasi za Mdachi zitayeyuka. Dawa ilikuwa na miiko yake. Aliyekunywa hakuruhusiwa kumgusa mkewe, wala kupokea kitu mkononi mwake, wala kuzungumza naye, hadi vita iishe.

Mchana wa kuondoka, Daimu alipita nyumbani kuchukua mkuki. Aliomba maji. Mwanne alileta kata, akaiweka chini, akarudi nyuma kama alivyofundishwa. Daimu alikunywa nusu, akasimama.

"Mwanne," akaita.

Alikuwa na neno. Mtu uliyelala naye miaka mitatu unajua anapoita kwa kuita na anapoita kwa kuwa ana neno. Lakini mama mkwe alikuwa mlangoni, na nyuma yake wifi Halima, wote wawili wakitikisa vichwa. Moyo ulimwambia geuka. Watu walimwambia usigeuke. Aliwasikiliza watu. Alipotazama tena, njia ilikuwa tupu.

Tangu siku ile alikuwa amejaribu maneno yote. Labda alitaka kusema mlango wa ghala umelegea. Labda alitaka kusema anaogopa. Wakati wa palizi, wakati wa kuchota maji, alimpa Daimu maneno mdomoni, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa na sauti yake.

Siku ya nne kimea kilianza kutoa vichipukizi vyeupe. Halima, dada yake Daimu, alikuja kusaidia kukigeuza, ingawa alisaidia zaidi kwa mdomo.

"Wifi, unavyokigeuza kimea hicho utadhani unaosha maiti."

Mwanne alicheka kidogo, bila kupenda.

"Sefu ana meno yote," Halima aliendelea. "Ana miguu yote miwili. Ana mbegu. Mwaka huu mwanamume mwenye miguu miwili na mbegu utampata wapi? Nenda bomani Songea ukaulize kama wanagawa."

"Sijasema Sefu ni mbaya."

"Husemi lolote! Ndiyo shida yako. Hata wakati ule..." Akakatiza.

"Wakati ule nini?"

"Si mimi. Watu. Wanasema ulizungumza naye siku ile, ndiyo maana dawa ikalala."

"Ulikuwa mlangoni, Halima. Uliona."

Halima alichukua punje moja ya kimea akaitafuna kwa muda mrefu kuliko punje ilivyostahili.

"Niliona," alisema. "Lakini watu wanasema."

Baada ya Halima kuondoka, Mwanne alikaa na mikono yake ndani ya kimea, joto la mbegu zinazoota likimpanda hadi kwenye vifundo. Alikuwa ametii mwiko hadi mwisho. Hakumpa mumewe hata jicho. Na bado waliomwamuru ndio waliomlaumu. Alilifikiri jambo hilo taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na alipofika mwisho wake hakulia, jambo lililomshangaza.

Siku ya saba Sefu alileta kuni za kupikia pombe. Alikuwa mdogo wake Daimu, mwenye mabega yale yale, na Mwanne alijizuia kuyatazama. Aliutua mzigo, akakaa juu yake.

"Shemeji, mimi sikuomba," alisema. "Wazee wamepanga. Lakini sitakutesa. Hilo nakuahidi."

"Najua."

"Nilikuwa naye pale mtoni. Risasi zilipoanza, alianguka kwenye nyasi. Nilikimbia."

"Uliona akifa?"

Sefu alichuna gamba la kuni, akachuna jingine.

"Sikugeuka nyuma, shemeji. Kila mtu ananiuliza, nawaambia amekufa. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kama niliona."

"Gaspari yule wa ng'ambo ya mto anasema alimwona kwenye mnyororo, akipitishwa Namtumbo kwenda pwani."

"Gaspari anasema mengi."

"Ndiyo," Mwanne alisema. "Wote mnasema mengi."

Siku ya tisa ndugu walikusanyika uani. Hawakuwa wengi. Mikeka iliyowahi kujaa ilibaki na nafasi katikati, na waliokaa walikuwa wamekonda, lakini harufu ya pombe iliwachangamsha. Mzee Kassimu alisema maneno ya kumuaga marehemu, mafupi, maana koo lake lilikuwa likitazama chungu. Kisha akamwashiria Mwanne.

Mwanne alijaza kibuyu. Sefu alikaa kulia, mikono magotini. Mama mkwe alikaa kushoto, karibu na mlango. Mwanne alitembea hadi katikati yao, akasimama.

"Miguu imekufa ganzi?" mzee Kassimu aliuliza. "Tembea, binti. Pombe hii ikichacha zaidi itatushinda."

Watu walicheka. Mwanne alisema kitu.

"Hatusikii!" mtu aliita. "Anaongea na kibuyu!"

Wakacheka tena. Mwanne alingoja kicheko kiishe.

"Sijui kama Daimu yu hai," alisema, safari hii kwa sauti. "Mnasema amekufa. Labda ni kweli. Lakini mimi bado ni mke wake. Sefu ni mtu mwema, na sitamfanyia ubaya wa kukaa kwake huku nikisikiliza nyayo za mtu mwingine."

Kicheko kilikufa.

"Basi mpe mama kibuyu, urudi kwenu," mzee Kassimu alisema.

"Kwetu kulichomwa, mzee. Hakuna mtu."

"Kwa hiyo?"

"Nitajenga kibanda kando ya njia ya Songea. Nitachimba ming'oko."

"Peke yako? Simba wamezoea nyama ya watu mwaka huu, na wewe unataka kibanda! Hapa hakuna mtu hata mmoja aliye upande wako, huoni? Huna akili!"

"Huenda sina, mzee. Lakini safari ile niliwasikiliza wenye akili."

Alikiweka kibuyu chini. Hakumpa yeyote. Sefu alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua alisema, "Mwacheni," kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwanne aliingia ndani. Alikunja mkeka wake, akachukua jembe, akatafuta kitu kingine cha kuchukua na hakukiona. Alikuwa na hofu kuliko siku yoyote ya vita, na ndani ya hofu hiyo kulikuwa na mahali padogo palipotulia, ambapo hapakuwahi kutulia tangu Daimu aondoke.

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakupisha.

"Nisamehe, mama. Nimekuaibisha."

Mama Daimu alitikisa kichwa. Alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

"Pombe ile ni mimi niliyeitaka," alisema. "Kassimu alipanga siku tu. Nilikuwa nakuona unatazama njia, nami natazama. Unasimama, nami nasimama. Mtu wa umri wangu! Nikajisemea, akienda kwa Sefu, ataacha, na akiacha, mimi nami nitaweza kumzika mwanangu nipumzike."

Nje walikuwa wameanza kunywa. Sauti ya mzee Kassimu ilisikika ikigawa.

"Mama..."

"Ngoja, nimalize, maana sitasema tena." Alishika ncha ya mkeka ule. "Sitaki kumzika. Usiende, Mwanne. Peke yangu siwezi kumngoja."