Mwalimu Ajifunza Kuelea

Mkataba wa kwanza ulikwisha pamoja na mitihani, na wa pili ulikuwa umelala juu ya meza ya chumba chake cha kupanga, haujatiwa sahihi. Katikati ya mikataba hiyo miwili, kwa mara ya kwanza tangu aje kufanya kazi ugenini, mwalimu alikuwa mtu huru, na uhuru wenyewe ulimkaa kama kiatu cha kuazima. Asubuhi alipiga pasi sketi ya kazini kabla hajakumbuka kwamba haendi kazini.

Si kwamba hakuipenda kazi. Tatizo lilikuwa mkataba mpya. Siku zote alikuwa amefundisha hesabu kwa watahiniwa, vijana ambao ukianza sentensi wao wanaimalizia. Sasa mkuu wa shule alimtaka achukue darasa la kwanza, watoto ambao wengine hawajui hata penseli inashikwa upande gani. Nafasi nyingine hakuna. Akikataa, kibali chake kinakwisha, anafunga mizigo anarudi nyumbani. Akikubali, ataingia darasani na woga ambao hakuthubutu kumwambia mtu. Yeye alijua kusoma na kuhesabu tangu utoto asioukumbuka. Utamfundishaje mtu kitu ambacho hukumbuki kutokijua?

Swali hilo kwanza lilimnyima usingizi. Kisha, kwa kuwa hakuwa na madaftari ya kusahihisha, likaanza kumtekenya. Mtu asiyejua kabisa huwa anajisikiaje? Akipita karibu na bwawa la kuogelea la mtaani, aliona tangazo la darasa la watu wazima wasiojua kuogelea. Akasimama. Hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Akaingia ndani, akajiandikisha.

"Likizo ya mwalimu ni kulala," shangazi yake alimwambia kwenye simu. "Wewe umevuka mipaka yote hiyo uende ukazame?"

"Ni bwawa, shangazi. Maji yananifika kifuani tu."

"Hata beseni linaua. Na huo mkataba, umesaini?"

"Bado."

"Bado, bado! Utarudi nikuone, au nikuzoee kwenye simu?"

"Nikijua nitakwambia."

"Haya mwanangu. Usinywe maji waliyoogea watu."

Darasani kule bwawani walikuwa wachache. Mmoja alikuwa dereva wa lori, jitu la miraba minne, ambaye siku ya kwanza alizama moja kwa moja mpaka wenzake wakambandika jina la Nanga, naye akalipokea kama cheo. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni na haraka nyingi. Alisimama ukingoni, mkavu, akaeleza kwa mkupuo: lala chali, achia shingo, jaza pumzi kifuani, usikunje kiuno, maji yatakubeba.

"Tumeelewa?"

"Ndiyooo!" waliitikia, na sauti iliyotangulia ilikuwa ya mwalimu.

Wakalala. Kiuno cha mwalimu kikashuka kutafuta pa kukaa, maji yakampanda puani, akaibuka anakohoa, macho mekundu, kofia ya mpira imehamia sikioni.

"Mbona umesema umeelewa?" Nanga alimwuliza, naye akitema maji.

"Na wewe je?"

"Mimi nimekufuata wewe. Nimesikia sauti ya mtu anayejua."

Mwalimu alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Kweli, kwa nini alisema ndiyo? Shingo inaachiwaje, na ndiyo inayobeba kichwa? Hakuwa ameelewa hata kidogo. Jibu lilimtoka lenyewe, ili mkufunzi asiudhike, ili yeye asitazamwe. Akajiona ubaoni, chaki mkononi, akiuliza vilevile, na ile ndiyo ndefu ya watahiniwa ikimpa ruhusa ya kufuta ubao. Ni wangapi mle darasani walikuwa wanakunywa maji?

Somo lililofuata, mkufunzi alieleza tena, yaleyale, kwa mkupuo uleule. "Tumeelewa?"

Mwalimu alinyoosha mkono juu, kama mtoto. "Hapana."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Hapana nini?"

"Kuachia shingo. Sijaelewa."

"Unaiachia tu, dada."

"Tu vipi?"

"Hata mimi," Nanga alidakia. "Na mimi hata hicho kifua sijakielewa, nilikuwa naona aibu."

Wengine nao wakaanza. Mkufunzi alikuna kichwa, akaitazama filimbi yake kama vile jibu limo humo. Mwishowe akaivua, akashuka majini na fulana yake. Akaweka kiganja chini ya kisogo cha mwalimu.

"Nipe kichwa. Chote. Hapana, bado unakibeba mwenyewe. Maji yaingie masikioni. Ehe. Sasa tazama dari."

Dari ilikuwa na taa ndefu, moja imeungua. Mwalimu aliitazama. Kiganja kikaondoka bila kuaga, na yeye akabaki juu.

"Ajabu," mkufunzi alisema mwalimu aliposimama tena. "Mimi naelea tangu utotoni. Sijawahi kujiuliza nafanyaje. Umenilazimisha kutafuta."

Mwalimu alimtazama, maji yakimchuruzika kidevuni. Kumbe naye hakumbuki kutojua.

Ijumaa alikwenda shuleni na mkataba mkononi. Umetiwa sahihi. Mkuu wa shule, mama wa miwani iliyoishi juu ya paji la uso, alifurahi mpaka akasahau kumkaribisha kiti. Akammwagia mambo yote kwa pamoja: ratiba, zamu, vikao vya wazazi, ripoti.

"Umeelewa, mwalimu?"

"Hapana. Naomba urudie kuanzia zamu. Na jambo moja, mama: wiki ya kwanza, kabla ya hesabu, nataka niwafundishe wale watoto kuniambia hapana."

Mkuu wa shule alishusha miwani machoni. "Wakuambie hapana? Sijaelewa."

Mwalimu alitabasamu, akavuta kiti, akaketi kumweleza.