Kaunas Hadi Dublin

Nyumba ya Kaunas iliuzwa mwezi wa Oktoba, baada ya viazi kuchimbwa, na Jurga akaja kumchukua baba yake akaishi naye Dublin. Asubuhi ya kuondoka mzee Zigmas alikwenda peke yake kumuaga marehemu mkewe makaburini. Jurga alibaki akifunga masanduku.

Mzee hakuwa amewahi kupanda ndege. Alivaa koti lake la kanisani, na mapajani alipakata mfuko wa mkate mweusi, nyama ya kukaushwa kwa moshi na mayai ya kuchemsha.

"Vyote hivyo vya nini, Baba?"

"Si ulisema safari ni siku nzima? Unataka tushinde na njaa?"

Jurga akamwambia afunge mkanda.

Ndege ilipoanza kusogea, mhudumu alitangaza kwa Kilithuania: mpaka Dublin ni karibu kilomita elfu mbili, watakuwa angani kwa muda wa saa tatu hivi, na huko kunanyesha.

Mzee akamgeukia binti yake. "Halafu tunabadilisha ndege?"

"Hapana. Tunakuwa tumefika."

"Hii ya moja kwa moja ni mpya, au siku zote ilikuwa hivi?"

Jurga alikodolea macho kiti cha mbele. "Siku zote, Baba."

Mama yake alipofariki, miaka minne nyuma, Zigmas alimsihi padri asogeze mazishi mbele kwa siku moja ili mtoto awahi. Jurga akapiga simu: ni mbali mno, ndege za kuunganisha, hatawahi. Mzee akawaambia waombolezaji wasimlaumu.

"Kwa hiyo Stasė alijua," alisema sasa, polepole. Stasė alikuwa jirani yao. "Mwanawe yuko huko huko, na kila Krismasi anakuja. Alinisikia nikikutetea, akanyamaza."

"Tiketi nilikata, Baba. Nilifika mpaka uwanjani. Nikakaa kwenye benchi hadi ndege ikaondoka. Nilishindwa kumwona Mama ndani ya jeneza."

"Na mimi unadhani niliwezaje?"

Saa tatu baadaye wakatua. Mfuko wa chakula haukufunguliwa.

Dublin mzee hakumgombeza hata siku moja. Aliosha sahani yake mwenyewe, akasema asante kwa kila mlo, akaomba ruhusa hata ya kuwasha televisheni. Jurga alitamani mzee amtukane.

Februari, kumbukumbu ya kifo cha mama ilipokaribia, alimwambia, "Twende wote, Baba. Tukiondoka asubuhi, mchana tuko kaburini."

"Nenda wewe," mzee akajibu. "Mimi nilikuwepo."

Jurga akaenda peke yake. Makaburini theluji ilikuwa imefunika majina yote, na ilibidi amuulize mwanamke aliyekuwa akifagia njia mama yake kazikwa wapi. Mwanamke akamtazama kidogo, kisha akamwonyesha kwa fagio.