Nilivyokwama Ndani ya Shofari

Usiku wa kuamkia mwaka wetu mpya niliota nimekwama ndani ya pembe ya kondoo, na wala sikushangaa.

Kwanza nieleze. Sisi Wayahudi wachache wa huku Nyandarua, siku ya Rosh Hashana, ndiyo mwaka wetu mpya, husikiliza shofari, yaani baragumu la pembe ya kondoo dume, kwa sababu siku hiyo kila mtu anapita mbele ya hukumu ya Mungu. Safari hii mpulizaji nilikuwa mimi. Kazi niliiomba mwenyewe. Niliwaambia wazee wa sinagogi kwamba nina mapafu ya farasi, nikatoa kifua, wakaamini. Mwezi mzima nikafanya mazoezi, na kilichotoka ni mlio wa ndama aliyejaa gesi tumboni.

Mama mkwe wangu, Yokebedi, alinisikia kila asubuhi. Nyonga imemlaza kitandani, nyumba ya pili kutoka kwetu.

“Baba Naomi,” aliniambia, “mimi sinagogini sitafika. Mkimaliza uje unipulizie dirishani. Amri ni kusikia, na mwaka ujao siujui. Lakini nisikie shofari, si huyo ndama.”

Nampenda sana yule mama. Nililala nikiyawaza maneno yake.

Basi naota shofari imeketi mezani kwangu, inakunywa chai.

“Gathogo,” inasema, “umejaribu kuingiza pumzi ndani yangu mwezi mzima. Leo ingia mwenyewe.”

“Niingilie wapi?”

“Upande mwembamba. Mtu humwita Mungu akiwa mahali pembamba, akajibiwa mahali papana. Si huwa mnasoma hivyo kabla ya kunipuliza?”

Nikaona inasema kweli. Nikavaa suti, nikaingia.

Mlangoni amesimama kondoo dume, pembe zake zimejaa miiba. Ni yule wa Abrahamu, aliyechinjwa badala ya Isaka. Nikamuuliza kama aliumia.

“Wengi huniuliza pa kuegesha gari,” akasema. “Wewe umejitahidi.” Akanitazama mgongo. “Ila umenyooka mno. Shofari imepinda ili mioyo yenu iiname. Kule mbele kuna kona.”

“Mimi huinama.”

“Huinama kufunga viatu,” akasema, akanipisha, maana alikuwa kondoo mwenye adabu.

Nafika kwenye kona. Nakwama. Kilichokwama ni kifua, kile kile nilichowatolea wazee.

Nachungulia upande mpana. Kuna mahakama. Kiti cha Hakimu sikioni, na sijaribu kukiona. Mwendesha mashtaka ni Shetani mwenyewe, ana mafua na faili nyingi. Tumefundishwa kwamba sauti ya shofari humchanganya akashindwa kutushtaki.

“Nani anapuliza leo?” anauliza.

“Gathogo,” inajibu shofari.

“Aa,” anasema Shetani, na kuvua viatu apumzike.

Inaitwa kesi ya Yokebedi. Analetwa na kitanda chake, blanketi na yote.

“Mimi nangoja mkwe wangu apulize,” anasema. “Yuko wapi?”

“Nipo, mama! Nimekwama!”

“Umekwama wapi tena, baba Naomi?”

“Ndani ya shofari!”

“Wenzako hukwama pumzi,” anasema. “Wewe umekwama mzima mzima.”

Shetani anasafisha koo, anaanza kusoma mashtaka. Najaza mapafu. Kifua kinapanuka, nazidi kubanwa.

“Acha kujaza, Gathogo,” inasema shofari. “Toa.”

“Nitoe nini?”

Namwona mama mkwe amekunja vidole juu ya blanketi, ameelekeza sikio upande wangu, anangoja. Bado anangoja! Mtu mzima kama yeye, kunitegemea mimi. Hapo nikalia. Si kilio cha heshima, ni kile cha kwikwi na makamasi. Kwikwi fupi fupi zinanitoka, na kila moja inanipunguza kifua.

Kumbe ndiyo terua yenyewe, ile milio iliyokatika katika ya shofari, ambayo walimu wetu walisema ifanane na kilio. Nilikuwa nimeisoma. Nilidhani ni ushauri tu.

Nikainama, nikaipita kona, na sauti ikatoka nje ya pembe ikiwa kubwa kuliko mimi. Shetani anaruka. Anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, anauliza leo ni siku gani, anaulizia faili aliyoishika mkononi. Yokebedi anashusha miguu kutoka kitandani.

Nikaamka. Nje bado giza. Tirsa, mke wangu, alikuwa fofofo, na shofari ilikuwa kabatini ndani ya kitambaa chake, mahali nilipoiweka. Nikajicheka. Kumbe hata katika ndoto nilipuliza kwa makamasi.

Dirisha likagongwa. Nilijifunga shuka upesi, nikafungua.

Mama mkwe alikuwa amesimama nje, koti juu ya nguo ya kulalia, mkono mmoja ukutani. Amesimama kwa miguu yake. Macho yake yalikuwa yamelowa.

“Nimeisikia, baba Naomi,” akasema. “Nimeisikia yote. Lakini jua halijachomoza, na shofari ya usiku haihesabiwi. Utarudia.”