Koo Halijibu Hojaji

Vidole vya Tak Hye-in vilikuwa shingoni mwa Bibi Maeng Sun-deok, viwili juu ya kongoromeo na viwili chini yake, wakati mlango wa chumba cha mazoezi uliposukumwa. Muuguzi akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kutoa habari mbaya, "Watafiti wote watoke. Sasa hivi. Ni agizo la hospitali."

Hye-in hakuondoa mkono. Chini ya vidole vyake kongoromeo la bibi kizee lilikuwa limeanza kupanda, taratibu, kama lifti ya jengo kuukuu inayojiuliza iwapo ifike juu au irudi. Lilifika juu, likakaa kitambo, likashuka. Lilikuwa funda moja tu, la mate matupu. Lakini tangu kiharusi kimwangushe Bibi Maeng kwenye kibanda chake cha samaki wakavu katika soko la Seomun, lilikuwa funda la kwanza lisilomkohoza.

"Umelihisi?" alinong'ona bibi. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, na mrija wa chakula uliopita puani mwake ulitikisika kwa kila neno.

"Nimelihisi, Bibi."

"Basi mwambie huyo atoke yeye."

Ilikuwa Februari ya mwaka 2020, na kwa sababu ya korona mji wa Daegu ndio kwanza umegeuka jina ambalo watu wa miji mingine walilitamka huku wakirudi nyuma hatua moja. Wadi zilifungwa mfululizo. Wagonjwa wa kiharusi waliokuwa wakijifunza upya kutembea, kusema na kumeza walirudishwa makwao au kwenye nyumba za kutunzia wazee, wengi wao na mirija puani. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Msimu ule hakuulizwa wala hakupewa.

Kabla ya kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamivu, Hye-in alikuwa tabibu wa umezaji, kazi ambayo hata mama yake hakuwahi kufaulu kuwaeleza majirani. Swali la tasnifu yake lilikuwa jepesi kulitamka: je, mgonjwa aliyesahau kumeza atakumbuka upesi zaidi akiongozwa na mkono juu ya koo, au maneno pekee yanatosha? Nusu ya wagonjwa wake aliwagusa, nusu aliwaelekeza kwa kinywa. Sasa serikali ilikuwa ikiwaomba watu wakae mbalimbali, na alijua kwamba serikali ilikuwa na haki. Wapo wanafunzi ambao umbali uliwapunguzia kasi tu. Yeye ulimkata mkono.

Noh Chan-yul, waliyekuwa wakiketi naye meza moja katika ofisi ya wanafunzi, alibadilisha mada ndani ya wiki chache. Aliacha kupima viuno vya wazee, akaanza kuwauliza vijana kwa simu iwapo viuno vinawauma.

"Dada, acha kung'ang'ania kisiki," alimwambia. "Mto umejaa. Shika kinachoelea."

"Taka ndizo zinazoelea, Chan-yul."

"Lakini zinafika," alijibu kijana, akacheka peke yake.

Profesa Pyo Gwang-sik, msimamizi wake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kuona wanafunzi wengi wakiota mvi kabla ya kuvaa joho, na hakutaka huyu awafuate. Alimwita kwenye skrini, nyuma yake rafu za vitabu na blanketi la mjukuu.

"Tuma hojaji kwa wauguzi," alisema. "Waulize umezaji wa wagonjwa umeathirikaje. Kufikia vuli utakuwa umemaliza."

"Profesa, koo halijibu hojaji."

"Usinichezee maneno, Hye-in."

"Sichezi. Nikiandika kwamba tuliendelea kama zamani, nitakuwa mwongo. Nikibadilisha mada, nitakuwa nimewaacha wanakula kwa pua."

"Na ukiwaendea, huenda ukawaua. Hilo nalo umelifikiria?"

Alikuwa amelifikiria mpaka usingizi ukamhama. Ndilo lililomfunga ndani, dirisha wazi na moyo umefungwa, akisoma makala za watu waliowahi kugusa watu. Hofu ile haikuwa ya kipumbavu, na kwa hiyo hakuweza kuidharau. Alijiambia kwamba kungoja nako ni kazi. Alikaribia kuamini.

Kisha akapiga simu binti wa Mzee Cha, mmoja wa wagonjwa wake. Mzee alifariki katika nyumba ya wazee ambamo hakuna tabibu aliyeruhusiwa kuingia. Kilichomuua hakikuwa korona, ila nimonia ya mtu ambaye mate na chakula humpotea njia vikaishia mapafuni. Binti, aliyemwita Mwalimu kama walivyowaita matabibu wote, hakupiga simu ili kulaumu.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, Mwalimu. Aliwahi kumeza chochote kitamu kabla hajaondoka hapo?"

"Uji wa boga. Kijiko kimoja. Kisha akaomba cha pili."

"Ukampa?"

Hye-in alishika ukingo wa meza. "Nilimwambia kesho," alisema.

Kesho yake ndiyo siku ambayo watafiti walitolewa nje. Binti alishukuru kwa adabu, akakata simu, na Hye-in akabaki amesimama katikati ya chumba chake cha kupanga. Hakulia. Kitu kilimpanda kifuani, kikavu na cha moto, nacho hakikuwa huzuni tena. Kungoja ndiko kulikomnyima yule mzee kijiko, tena kungoja kwenye adabu na utaratibu, kungoja kusikokuwa na wa kulaumiwa.

Siku chache baadaye simu ililia tena. Alikuwa Gu Jong-tae, mwana wa Bibi Maeng, dereva wa basi la shule ambazo sasa hazikuwa na wanafunzi.

"Mwalimu! Mama ameng'oa mrija!"

"Mrija upi?"

"Kwani ana mingapi? Wa puani! Ameulaza mezani kama nyoka aliyemuua kwa mkono wake, na anadai uji. Wewe ndiwe uliyemtia mambo ya uji kichwani!"

"Umepiga simu hospitali?"

"Wanasema kama hana homa nisimlete. Nikauliza, akiwa na homa je? Wakasema akiwa na homa ndiyo kabisa nisimlete, nikae ningoje waniite. Sasa niambie, mimi ningoje nini?"

Chuo kilikuwa kimewakataza wanafunzi kumwendea mgonjwa yeyote. Hye-in alivaa barakoa mbili, akachukua baiskeli. Liwalo na liwe.

Nyumba ya kina Gu ilikuwa ya kizamani, yenye ua mdogo na mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachusha, iliyopangwa ukutani. Aliomba mlango mkubwa wa kioo usukumwe wazi, Bibi Maeng aketishwe kwenye ubao wa kizingitini, amefunikwa blanketi mpaka mabegani. Yeye mwenyewe alisimama kwenye lango, ua mzima kati yao, upepo wa Machi ukimpuliza mgongoni.

"Umechelewa, we mtoto," alisema bibi. Pua yake, bila mrija, ilionekana ndogo na ya kike.

"Nisamehe, Bibi. Jong-tae, nawa mikono. Kaa ubavuni kwake. Weka vidole hapa." Alionyesha kwenye koo lake mwenyewe.

"Mimi?"

"Unamwona mwingine?"

"Mwalimu, mimi ni dereva. Tena huyu ni mama yangu."

"Ndiyo sababu. Mnalala chini ya paa moja, mnavuta hewa moja. Mkono wako hauna kipya cha kumletea. Wangu unaweza kumletea mauti."

"Shika, bwana," alisema Bibi Maeng. "Mbona ulininyonya bila kuomba ruhusa?"

Jong-tae aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Mtu mzima yule, mwenye mikono iliyozoea usukani, alilisogelea koo la mama yake kama mtu anayetaka kumshika ndege aliyelala. Hye-in alipaza sauti kutoka langoni: kidevu kiinamishwe, pumzi ishikwe, mate yamezwe.

"Limepanda?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui. Usisikilize kichwa chako. Bibi, tena."

Bibi akameza. Jong-tae akanyanyuka nusu. "Limepanda! Mwalimu, limenigonga vidole!"

Walirudia mara nyingi kwa mate matupu kabla Hye-in hajaruhusu uji wa boga, mzito, ncha ya kijiko tu. Ncha ya kwanza ilishuka salama. Ya pili ilipotea njia.

Bibi Maeng alipaliwa. Macho yalimtoka, uso ukabadilika rangi, mkono ukapapasa hewa. Mguu wa Hye-in ulikuwa umekwisha kuingia uani kabla hajaamua lolote. Mwili wake wote, uliofundishwa kwa miaka kukimbilia hali kama ile, ulitaka kuuvuka ule ua. Alijizuia kwa nguvu ambazo hajui alizitoa wapi.

"Mwinamishe mbele! Bibi, kohoa! Kwa nguvu! Kama unamfukuza mwizi wa samaki!"

Kikohozi kilikuja, kidogo kwanza, kisha kikubwa na cha ghadhabu, kikohozi cha mwanamke aliyewahi kulisikilizisha soko zima. Uji ukamtoka ukaangukia blanketi. Jong-tae alikuwa akilia waziwazi, mkono wake bado umemkamata mama mgongoni.

"Niite kwa jina langu, Bibi," alisema Hye-in. Alitaka kuisikia sauti, kama ina maji ndani yake, dalili ya uji kubaki kwenye njia ya hewa.

"Tak Hye-in," alisema Bibi Maeng, kavu na wazi. Akajifuta kidevu. Akamgeukia mwanawe. "Unalia nini? Tena."

Njiani kurudi, Hye-in aliisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Umbali ulikuwa umemnyang'anya mkono. Lakini ndani ya kila nyumba iliyofungwa ulikuwamo mkono mwingine, ambao hakuna tasnifu iliyowahi kuufikiria. Hakuwa na swali lile la zamani tena. Hili jipya, iwapo mkono wa ndugu unaweza kumfundisha mgonjwa kumeza, lilikuwa kubwa zaidi.

Hakungoja kukamatwa. Alijiripoti mwenyewe, na kamati ya maadili ya utafiti ikamwita mbele ya nyuso za kwenye skrini, kila moja katika kijisanduku chake. Mwenyekiti, Profesa Ki, alikuwa mwanamke asiyependa kupoteza maneno.

"Uliagizwa usimwendee mgonjwa."

"Niliagizwa."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Sikumgusa."

"Kwa hiyo unaomba msamaha?"

"Hapana. Ninaomba kibali. Familia zifundishwe kutoka uani au dirishani, na mikono yao ipimwe kama nilivyoupima wangu."

Kijisanduku kimoja kilikohoa. Profesa Pyo alivua miwani. "Hye-in, kundi la kulinganisha limevunjika. Hawa watu hawana mafunzo. Wasomaji wataichana kazi hii."

"Na waichane, Profesa. Watakuwa wamechana kitu cha kweli. Mkono wangu ulifukuzwa hospitalini. Hilo nalo ni tokeo la utafiti, si aibu ya kufunikwa."

Walimpa nusu ya alichoomba. Asivuke kizingiti cha mtu yeyote. Asimlishe ambaye daktari hajamkubalia. Muhula ule usihesabiwe, iwe adhabu yake. Baada ya kikao Profesa Pyo alimpigia simu, akasema kwamba bado anaiona kazi ile kuwa ya mashaka, na kwamba rasimu ya sura ya kwanza aipate kabla ya mwezi kwisha.

Chan-yul alivaa joho wakati wa kiangazi. Bibi Maeng wakati huo alikuwa akila wali laini na kulalamika kwamba mwanawe hajui chumvi. Wengine hawakufika huko. Familia mbili zilikataa, moja ilihama, na bibi mmoja alimeza vizuri mpaka wiki aliyokufa kwa moyo. Kundi la Hye-in lilibaki kama meno ya kizee, machache, kila moja likibeba kazi ya yaliyong'oka.

Vuli ilimkuta kwenye nyumba ya pembeni mwa mji, kando ya bustani ya matofaa. Mzee Hwangbo alikuwa ameketishwa barazani, mrija puani, nusu ya uso imelala. Nyuma yake alisimama mkaza mwanawe, Yeom Gye-hwa, amekunja mikono. Mumewe alikuwa kazini mji mwingine. Nyumbani hapakuwa na mkono mwingine ila huo uliokunjwa.

"Mwalimu, nikuambie kitu," alisema mwanamke, akiurusha usemi wake juu ya kichwa cha mkwewe. "Tangu niingie nyumba hii, huyu baba hajawahi kusema chakula changu ni kitamu. Hata siku moja. Supu ikizidi chumvi, ni mimi. Ikipungua, ni mimi. Leo unataka nimshike koo. Wewe huogopi?"

"Naogopa," alisema Hye-in.

"Na yeye je?"

Mzee Hwangbo alikuwa amesikia kila neno. Masikio yake hayakuguswa na kiharusi. Aliinua mkono wake mzima, polepole, akashika ukosi wa sweta yake. Aliuvuta chini mpaka shingo yote ikawa wazi, nyembamba, yenye mikunjo na vinyweleo vyeupe ambavyo wembe ulivisahau. Akainua kidevu.

Gye-hwa aliitazama shingo ile kwa muda. Kisha akaenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni, akaipasha joto kwa pumzi yake, akarudi akapiga goti ubavuni kwa mzee.

"Baba, nikikubana usije ukasema nimekusudia."

Akaweka vidole.

"Kidevu chini," alisema Hye-in kutoka langoni. "Shika pumzi. Sasa."

Alikuwa mbali mno kuliona kongoromeo. Aliukazia macho uso wa yule mwanamke, asome humo kama limegonga vidole, akangoja.