Nguo za Mama Pacha

Katika duka hili la ushonaji, kila nguo inayomsubiri mwenyewe hubandikwa kwa pini kipande cha kitambaa chenye jina la mteja. Utaratibu huo aliuanzisha Mama, yaani mama mkwe wa Fundi, ambaye alishona humo miaka mingi mpaka macho yakamkataa. Sasa hukaa kwenye kiti karibu na mlango, akitia vifungo na kushona pindo kwa mkono.

Aliyekuwa na nguo nyingi kuliko wateja wote kwenye bomba la kutundikia ni Mama Pacha. Magauni, blauzi, sketi, na koti zito la rangi ya maziwa. Ila Mama Pacha hakuwahi kutia mguu dukani, na sababu aliijua Fundi peke yake. Hakukuwa na mtu wa jina hilo.

Tuyaseme mapema, maana Fundi mwenyewe alichelewa kuyasema. Nguo zile zilikuwa zake, alizinunua. Mwaka uliopita mumewe alikuta mifuko chini ya kitanda, mingine haijafunguliwa, siku ambayo jikoni hapakuwa hata na mafuta ya kupikia. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akaitazama mifuko, mmoja baada ya mwingine, na kutazama huko kulimuumiza mkewe kuliko matusi. Fundi akaapa mbele ya Mama kwamba basi, yamekwisha. Mume alitaka ufunguo wa droo ya pesa za duka ukae kwake, Mama akamkatalia.

"Mwachie mwenzio ufunguo wake. Ameshasema ameacha. Mimi namdhamini."

Na kweli aliacha, kwa muda. Kisha akatoka siku moja kwenda kununua zipu, akarudi na gauni, na zipu kasahau.

Ingekuwa ni tamaa ya kupendeza, tungemsema tukamaliza. Lakini Fundi hazivai nguo hizo. Anashona vizuri kuliko waliozishona. Akigeuza gauni upande wa ndani anaona uzi umelegea na pindo limekunjwa ovyo. Anachokifuata, nadhani, ni ile dakika ya kusema "nifungie hili", moyo unamwenda mbio, muuzaji anamwita dada, na kwa dakika hiyo hakuna mteja wa kumgombeza wala mashine ya kumkatia uzi. Akifika kona ya mtaa raha imekwisha. Akifika dukani anajichukia. Na akishajichukia vya kutosha, hana kingine cha kumtuliza ila kupita tena palepale.

Gauni lile hakuthubutu kulipeleka nyumbani. Alilitundika katikati ya kazi za watu.

"La nani hili?" Mama akauliza.

"La Mama Pacha. Anataka lipunguzwe kiuno."

Jina lilimtoka hivi hivi tu. Lakini Mama si mtu wa kuuliza swali moja akanyamaza. Pacha gani, wa kike au wa kiume? Mmoja wa kike, wa pili wa kiume. Wanatembea? Ndiyo wanaanza. Sasa mbona mama yao haji kuchukua nguo? Fundi, pini zikiwa mdomoni, akasema watoto wanaumwa. Wanaumwa nini? Surua. Akatia na chumvi kidogo, akasema yule wa pili hata kula hali vizuri.

Tangu siku hiyo Mama hakukaa kwenye kiti chake asubuhi kabla ya kuwaombea pacha, na yule wa pili alimwombea peke yake.

Fundi angeweza kuwaponya watoto kwa neno moja. Lakini wakipona, mama yao atatakiwa aje. Basi wakaendelea kuumwa, na bomba likazidi kujaa. Siku hizo pia Mama alikuwa akimnyooshea sindano kila mara amtungie uzi, maana tundu halioni. Fundi alitunga na kurudisha, bila kuuliza kinachoshonwa. Alifurahi tu kwamba haulizwi yeye.

Ikafika siku ya nesi mmoja kuja kuchukua sare yake. Haikuwa imekatwa. Pesa aliyoacha ya kitambaa ilikuwa inaning'inia mbele ya macho yake, imegeuka koti la rangi ya maziwa. Fundi akasema kitambaa kimeadimika.

"Mimi naingia zamu Jumatatu," nesi akasema. "Nitavaa nini, shuka la mgonjwa?"

"Mvumilie," Mama akadakia. "Huyu mwanangu hana uongo."

Fundi aliinamia mashine akashona kitambaa kitupu, mstari juu ya mstari, ilimradi asiinue uso. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nesi alipoondoka, Mama akainuka, akafungua mkoba wake. Akatoa kigauni na kishati, vya mabaki ya vitambaa vya dukani, vimeshonwa kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Mishono ilikwenda upande, na mahali macho yalipokosea ilirudiwa.

"Hiki kishati nimekibana," akasema. "Yule wa pili atakuwa amekonda. Leo nakwenda mwenyewe kuwajulia hali, na nguo za mama yao nambebea. Nielekeze nyumba."

Fundi alikuwa na uongo tayari. Aseme wamehama. Mama angesikitika, halafu angesahau, na lile koti lingepewa jina jingine. Alishafungua mdomo. Ndipo akaona, kwapani mwa kile kishati, mshono uliorudiwa kwa uzi wa buluu aliotunga yeye mwenyewe.

"Mama, hakuna nyumba."

"Wamehama?"

"Hawapo. Mama Pacha ni mimi. Zote hizo nimenunua mimi. Na pesa ya nesi imo humo."

Mama alikwenda kwenye bomba, akashika kipande cha kwanza chenye jina, akakisogeza karibu na macho, akakisoma. Kisha cha pili. Alivisoma vyote, ingawa jina lilikuwa lilelile. Fundi alitamani atukanwe. Alitamani hata kofi. Alisimama pale, mikono haijui pa kukaa, akijiona mchafu.

Mama akarudi kwenye kiti, kishati mapajani.

"Mimi nilikudhamini."

"Najua, Mama."

"Kwa mwanangu wa kumzaa."

"Najua."

Fundi akavua shingoni kamba yenye ufunguo wa droo, akauweka juu ya meza ya kukatia, upande wa Mama. Mama hakuutazama. Alikuwa akikinyoosha kile kishati kwa kiganja, taratibu, kwenye mabega, kwenye kola.

"Na watoto?" akauliza kwa sauti ya chini. "Hata yule wa pili?"

"Hata yeye, Mama."

"Nilikuwa namwombea ale," Mama akasema, akaanza kukikunja.