Anayemdai Marehemu

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025. Kitui iliamka na baridi ya mwezi wa saba, mawingu yameshuka karibu kugusa mabati, na manyunyu membamba ambayo hayaloweshi mtu wala hayakomi. Jua halikuonekana. Hata adhana ya alfajiri ilisikika kama inatoka mbali, ndani ya pamba.

Salama alikuwa chumbani, ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, kama alivyoketi tangu Jumamosi. Alikuwa amekaa eda. Mumewe Haroun alikata roho Jumamosi alfajiri, na hadi leo, siku ya nne, alikuwa bado amelala kwenye jokofu la mochari ya hospitali. Kaburi lake lilichimbwa siku ile ile. Bilal, mtoto wa dada yake Salama, alilifunika kwa turubai, na kila asubuhi alikwenda kulitazama.

"Limeingia maji?" Salama alimwuliza kijana huyo aliposimama mlangoni, suruali imejaa tope jekundu.

"Kidogo, mama. Nimeyachota kwa kopo."

Salama aliinamisha kichwa. Mtu aliyechimba visima maisha yake yote, sasa kaburi lake lenyewe linachotwa maji. Alivuta tasbihi na kumwomba Mungu amwondolee mawazo ya namna hiyo.

Wote katika nyumba ile walijua kosa ni la nani, na shangazi Tumu, aliyekuja kukaa naye siku za matanga, hakulificha.

"Ungenyamaza tu," alisema huku akimwaga chai. "Tungemwosha, tungemsalia, saa kumi yuko kaburini. Hao watu wa ubalozi wangepata habari siku nyingine yoyote."

"Aliniambia niwaambie, shangazi."

"Waume husema mengi. Ubalozi! Alipoanguka na malaria, ubalozi ulimletea uji?"

Haroun alikuja Ukambani akiwa na jina jingine, mzungu wa kampuni ya kuchimba visima kwa mashine. Kampuni iliondoka, yeye akabaki. Akasilimu, akamwoa, wakaishi miaka ishirini na sita. Na mwaka jana, kifua kilipoanza kumsumbua, alibandika namba ya simu ndani ya mlango wa kabati, akamwambia, "Nikifa, waambie watu wangu. Halafu mnizike upesi." Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, kama mtu anayeagiza sukari na majani. Salama hakuona kwamba maagizo hayo mawili yanaweza kupigana. Jumamosi, mwili haujapoa, alipiga ile namba. Ilikuwa ya ubalozi mdogo wa kwao. Saa hiyo hiyo mambo yakasimama.

Ilipofika saa nne hivi, Sheikh Rashid alibisha hodi. Alikuwa imamu wa msikiti wao, mtu wa maneno machache, na siku hizi nne zilikuwa zimemkondesha.

"Mgeni wa ubalozi amefika," alisema. "Ninaye hapa."

Shangazi Tumu alishusha pazia kati ya chumba na sebule. Kwa upande wake Salama aliona viatu tu: viatu vyeusi vya ofisini, vimejaa tope.

"Poleni sana na msiba," mgeni alisema. "Naitwa Kaloki."

"Kaloki?" Tumu alishangaa. "Mimi nilidhani tunaletewa mzungu."

"Wazungu wako ofisini, mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. " Kwenye matope wananituma mimi."

"Wa wapi wewe?"

"Mukuyuni."

"Basi wewe ni jirani, hutatuzungusha. Mnatupa mtu wetu au hamtupi?"

Kaloki alikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, mara mbili. Kidole cha Salama kilisimama juu ya punje ya tasbihi. Alikuwa amekisikia kikohozi hicho mahali.

"Mwaitu, ubalozi haukumshika mtu wenu," Kaloki alisema taratibu. "Hatuna mochari, hatuna makaburi. Kazi yetu ni hii. Mtoto wao akizaliwa huku, tunamwandikisha. Mtu wao akifungwa, tunakwenda jela kuona kama anakula na kama anapigwa. Akipoteza pasipoti, tunampa karatasi ya kumfikisha kwao. Na akifa, tunaitafuta damu yake huko, tuwaambie kwa heshima, wasije wakasoma kwenye mtandao. Hospitali iliposikia tunatafuta, ikaona ingoje. Hakuna lingine."

"Na mmempata nani?" Sheikh aliuliza.

"Mke wake wa kwanza alishafariki. Tumempata binti yake. Anaitwa Klara."

Nyuma ya pazia Salama alihisi baridi ya sakafu ikipanda kupitia mkekani. Haroun alimwambia kwamba kwao alibakiwa na binamu tu. Mungu hakuwajalia mtoto, na ile mimba ya pili ilipoharibika, yeye akilia hadi sauti ikakauka, Haroun alimshika kichwa na kumwambia, "Mimi na wewe tunatosha, Salama. Sijawahi kuwa na mtoto, sitamtamani nisiyemjua." Maneno hayo alikuwa ameyalalia miaka mingi kama mto.

"Huyo binti hana pingamizi," Kaloki aliendelea. "Baba yake azikwe hapa, kwa dini yake. Kadhi amethibitisha ndoa, kwa hiyo neno la mwisho ni la mama Salama. Hospitali nimeshaongea nayo. Wanaweza kumtoa hata sasa."

"Alhamdulillahi!" Sheikh alisimama. "Bilal! Kawaambie watayarishe maji na sanda. Tutamsalia baada ya adhuhuri."

"Lipo ombi, Sheikh," Kaloki alisema, na Bilal akasimama mlangoni. "Ni ombi tu, si amri. Klara anaomba amwone baba yake uso kabla hajafukiwa. Ameshapata ndege. Alhamisi asubuhi atakuwa hapa."

"Alhamisi!" Sauti ya Sheikh ilipanda kwa mara ya kwanza. "Bwana Kaloki, sisi maiti wetu halali nyumbani usiku mmoja tukiweza. Huyu amelala mitatu kwenye barafu. Nikienda sokoni naulizwa, nikienda msikitini naulizwa. Mtu alisilimu mbele yangu. Nina haki yake mabegani."

"Naelewa, Sheikh."

"Huelewi. Wewe kesho uko Nairobi."

Kaloki alikohoa tena, na hapo Salama akakumbuka.

"Wewe umewahi kufika nyumba hii," alisema kutoka nyuma ya pazia. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu mgeni aingie. "Zamani. Ulikuja na Haroun, nikakupikia chai, ukaondoka bila kuinywa."

Viatu vyeusi vilisogea kidogo.

"Ni kweli, mama. Ni miaka kumi na moja sasa."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Mtu akiwa hai, siri ni yake. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu. Nami nilipoajiriwa nilikula kiapo cha kunyamaza. Lakini sasa hayupo, na binti yake ameniruhusu niseme. Klara alituandikia akituomba tumtafutie baba. Nilizunguka Makueni yote, nikampata kwenye mji wa Kiboko akitengeneza pampu. Nikampa salamu za mtoto wake. Akanileta hapa, nadhani alitaka kufikiri njiani. Tulipofika hapo kwenye geti akaniambia, mwambie hukuniona."

"Ukamwambia hivyo?"

"Hatudanganyi, mama. Lakini mtu mzima akikataa, haturuhusiwi kusema aliko. Nilimwandikia kwamba baba yake yuko hai na hataki kutafutwa. Basi. Chai yako ilinishinda kumeza."

Salama alifumba macho. Jioni ile aliikumbuka vizuri. Haroun aliswali isha, na katika sijda ya mwisho hakuinuka. Alikaa chini hivyo muda mrefu, mabega yakitikisika, na alipoinuka mswala ulikuwa umelowa. Tangu siku hiyo sijda zake zikawa ndefu. Salama aliwasimulia wanawake wenzake kwa fahari kwamba mumewe humlilia Mola wake. Alimshukuru Mungu kwa machozi yale. Alikuwa hajui yanamlilia nani.

Alitaka kumchukia, na chuki ikakataa kuja. Kilichokuja ni uchovu, kama mtu aliyebeba mtungi kutoka mbali akaambiwa ndani hamna kitu.

"Yule mtoto nitamsikiaje?" aliuliza.

"Yuko tayari kwenye simu, ukitaka. Nitakutafsiria."

"Salama," shangazi Tumu alinong'ona, "usijiongezee."

Lakini simu ilishapita chini ya pazia. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, nzito, ikisema kidogo na kusimama, na Kaloki akifuata nyuma yake kwa Kiswahili.

"Anasema alikuwa na miaka saba, sasa ana arobaini. Baba yake alimwambia anakwenda Afrika kuchimba maji, atarudi theluji ikiyeyuka. Sura yake haikumbuki tena. Ana picha moja, lakini baba ameinamia mashine, uso hauonekani." Kaloki alingoja. "Anasema haji kumgombeza. Anataka kumwona tu."

"Mwulize kama ananichukia."

Maneno yalikwenda, yakarudi. "Anasema hakujua kama upo. Anakuuliza kama alikuwa mtu mwema."

Manyunyu yaligonga mabati. Salama alitafuta jibu. Siku nne zilizopita angelijibu swali hilo kabla halijaisha.

"Mwambie watu wa Kanyangi wanakunywa maji aliyowachimbia. Hata leo asubuhi wamekunywa. Hayo mengine..." Alishindwa. "Hayo mengine tutazungumza."

Sheikh Rashid alikuwa amesubiri kwa adabu. Sasa alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuubeba kuliko hasira. "Binti yangu, pole. Lakini kosa la marehemu liko kwa Mungu sasa. Sisi wajibu wetu ni kumsitiri. Watu watasema tumemwacha Mwislamu kwenye barafu kwa ajili ya mgeni. Sema neno, leo apumzike, na wewe upumzike."

Salama alijua anachoambiwa ni kweli. Kaburi lilikuwa wazi. Maji yangeweza kuchemshwa sasa hivi. Jioni watu wangeondoka, mlango ungefungwa, na Haroun angebaki yule yule aliyemjua, mume mwenye sijda ndefu. Aliomba moyoni, bila maneno mazuri: Ee Mola, niongoze, mimi sioni.

"Sheikh," alisema, "kabla hujamsalia, utawageukia watu. Utawauliza nini?"

"Unajua nitakachouliza."

"Kiseme."

"Nitauliza kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze kwa jamaa zake, ili deni lisimfunge."

"Basi amejitokeza. Ndiye huyu kwenye simu."

"Salama, lile ni swali la fedha..."

"Fedha yeye hadaiwi. Uliwahi kusikia Haroun akidaiwa hata shilingi ya kiberiti? Anadaiwa uso. Aliahidi kuurudisha, akauficha miaka thelathini na mitatu. Alipotafutwa akaufungia getini pangu. Utamsaliaje na mwenye deni amebisha hodi, nasi tumefunga mlango?"

Sheikh Rashid alitazama mikono yake.

"Sisemi umekosea. Lakini hili litakuwa juu yako, mbele ya watu na mbele ya Mungu."

"Alimngojesha mtoto. Na yeye angoje siku mbili."

"Mji mzima utakusema," Tumu alisema. Sauti yake ilikuwa imepoteza kejeli zote. "Mimi mwenyewe nitakusema."

"Nisemeni, shangazi. Bilal, kaburi liendelee kufunikwa. Ukikuta maji, yachote."

"Sawa, mama," Bilal alijibu, akitazama chini.

Salama aliinuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alijifunika kanga hadi usoni, akasimama karibu na pazia ili wote upande ule wamsikie, akaishika simu kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga.

"Bwana Kaloki, mwambie neno kwa neno, usipunguze. Klara, mimi ni Salama binti Idi, mke wa baba yako. Naahidi mbele ya Sheikh Rashid, mbele ya shangazi yangu Tumu, mbele ya Bilal na huyu aliyetumwa na ubalozi wenu: baba yako hataingia ardhini kabla hujamwona uso. Sanda nitaifunua mimi mwenyewe. Na ukishamwona, lolote utakalotaka kujua juu yake utaniuliza mimi, nami nitakujibu kweli tupu, hata ikinichoma. Deni lake nimelichukua mimi. Mungu ni shahidi wa tano."