Mkungu Uliogongwa Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, mama mkwe alijikongoja hadi uani, akaugonga mti wa mkungu kwa mkongojo wake na kutega sikio. Kisha alirudi ndani akinung'unika kwamba mti ule ukatwe. Mke wa mwanawe, mkereza mabakuli ya mbao, hakuacha kumtania. "Mama, leo umekuitikia?" Nyumba nzima ilicheka. Uzee nao una michezo yake, walisema.

Mkungu ule ndio uliokuwa paa la karakana ya mkereza. Chini ya kivuli chake aliweka mashine ya kukerezea, hatua chache tu kutoka chumba alicholala binti yake mdogo. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka sokoni akakuta jua limejaa uani na mti uko chini, alihisi kama ameezuliwa nyumba.

"Mama alilia," mumewe alijitetea, shoka bado mkononi. "Ningefanyaje?"

Tangu hapo mama mkwe alipata salamu na chakula, basi. Mkereza alifuka moshi moyoni. Nitamtengenezea bakuli kubwa la shina hilihili, alijiapiza, liwe mbele yake mezani, limsute kila akilitazama.

Alianza kulipasua gogo la chini. Msumeno ulizama kama unakata mkate. Gogo lilipofunguka, ndani mlikuwa na unga mweusi na mchwa wakitimua mbio. Ubao mzima ulibaki upande mmoja tu. Upande ulioliwa ulikuwa umeelekea dirisha la binti yake, na kitanda chake kilikuwa papo hapo chini ya dirisha. Mti ungeangukia huko. Akaketi juu ya maranda.

"Mama," aliita baadaye. "Kumbe ulijua?"

"Nilisikia uwazi ndani ya shina. Nikasema. Mkasema bibi anaongea na miti."

"Tulicheka."

"Mlicheka sana. Na wewe ndiye uliyeongoza."

 Mkereza alitafuta katika matawi hadi akapata pande zima, akalikereza taratibu, akaliacha likauke, akalirudia kwa patasi kali na msasa laini. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Alishukuru kwa mkongojo, kwa manung'uniko, kwa machozi yale yaliyomshinda mumewe. Hata jua lililomchoma kisogoni alilishukuru.

Bakuli lilipokamilika, alilipeleka barazani, akapiga magoti, akaliweka mapajani mwa mama mkwe. 

"Mama... asante."

Mama mkwe hakuutazama hata ule mng'aro. Aliliinua bakuli hadi sikioni, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko.

Kutoka dirishani mwa chumba kile, sauti ya mtoto ilidakia:

"Karibu!"